Kampuni ya huduma yenye madeni: ipewe tenda za kaunti au inyimwe?

Msambazaji wa sabuni, Malindi:
Assalam aleikum jamani. Hapa mjini kuna hoja kwamba kampuni za usafi, ulinzi na kufua mashuka zisipewe tenda za kaunti iwapo mali zao za muda mfupi (taslimu na zinazotarajiwa kuwa taslimu ndani ya mwaka) ni pungufu kuliko madeni ya muda mfupi. Uwiano wa ukwasi ukiwa chini ya 1, kampuni inaachwa. Kupima nakubali. Kipimo hicho kikiwa peke yake, nakipinga.

Kampuni ya huduma haina bidhaa ghalani. Mali yake kubwa ni ankara ambazo wateja hawajalipa. Tuseme ina mali ya muda mfupi ya shilingi milioni 30 na madeni ya milioni 20: uwiano 1.5, inapita. Lakini milioni 24 kati ya hizo 30 ziko mikononi mwa wateja, na milioni 14 zimeshapita siku 90. Zitoe. Zimebaki 16 za kulipia 20, yaani 0.8, na mlinzi anataka mshahara wake mwisho wa mwezi.

Halafu tarehe. Mizania, yaani hesabu ya mali na madeni, ya Desemba hufungwa mahoteli yamejaa. Mei, mvua ya masika inanyesha na mahoteli kadhaa ya ufuoni yamefunga, hesabu ni nyingine kabisa. Sisi tunaouza kwa mkopo bila dhamana, kampuni ikifilisika tuko nyuma ya benki na nyuma ya mishahara.

Mwenye kampuni ya usafi, Malindi:
Kaka, mbona unatubana sisi tu? Ankara zinazozeeka zinatokana na hao hao wanaotangaza tenda. Malimbikizo ya madeni ya kaunti kwa wasambazaji yanajulikana nchi nzima. Nimekopa benki ili wafanyakazi walipwe wakati mteja ananizungusha, leo mkopo huo ndio uninyime kazi? Mkitumia kipimo hiki, tenda zote zitachukuliwa na kampuni kubwa za Nairobi.

Msambazaji wa sabuni, Malindi:
Dada, hapo una haki, na ningetaka ankara ambazo kaunti yenyewe haijalipa zihesabiwe kando, zisikuhukumu. Lakini ukubwa si kinga. Carillion ya Uingereza ilikuwa ikijenga, ikisafisha hospitali na kupika chakula cha shule. Ilianguka Januari 2018 ikiwa na madeni ya karibu pauni bilioni 7, na taslimu pauni milioni 29 tu. Wasambazaji wake walipangiwa kungoja hadi siku 120. Aliyetaka mapema alilipwa na benki, kisha kampuni ikabaki inadaiwa na benki. Deni hilo halikuandikwa kwenye mikopo, liliwekwa kwa wadai wengine. Aliyegawa mikopo kwa mtaji, ili aone kampuni imeelemewa na madeni kiasi gani, akapata jibu zuri kuliko hali yenyewe.

Kwa hiyo kamati ya tenda iombe orodha ya ankara kwa umri wake, taslimu iliyokuwepo mwisho wa Mei, na kila deni la benki kwa jina lolote lile. Pia ilinganishe faida ya uendeshaji (kabla ya kutoa riba na kodi) na riba: faida ikiwa haifikii hata mara mbili ya riba, tenda iwe ndogo, na malipo yawe ya kila mwezi. Wewe dada, ukihakikishiwa malipo ndani ya siku 30, utakubali kuonyesha hesabu hizo?