Ushauri: bodi ya jengo letu Bronx inataka kila fleti ichange dola 9,000, eti sheria ya kaboni

Mama_Zubeda
Wapendwa habari zenu, naomba msaada wa mawazo. Mimi na mume wangu tuna fleti kwenye jengo la ushirika huku Bronx, New York, fleti 60, boila ya gesi ya zamani ya kupasha joto iko besimenti, pale mlangoni tumebandikwa herufi D, alama ya jiji ya matumizi ya nishati. Sasa bodi wameleta barua kila fleti itoe dola 9,000, wanasema ni Local Law 97 na tusipotoa jiji litatupiga faini. Hela hiyo sina jamani, na ada za wadogo zangu Tanga zinanisubiri. Sheria ipo kweli au tunapigwa?

fundi_joto
Ipo dada, ya 2019, inabana majengo yanayozidi futi za mraba 25,000. Tangu 2024 kila jengo kama hilo lina kikomo cha hewa ya kaboni linayotoa kwa mwaka, mkikizidi ni dola 268 kwa kila tani ya ziada. Kwa hiyo waulize mmezidi tani ngapi. Tuseme 50, hiyo ni 13,400 kwa mwaka, gawa kwa fleti 60 haifiki hata 230. Ila 9,000 mara 60 ni 540,000, hapo wanataka kubadilisha boila nzima, basi waseme hivyo na watoe makadirio ya mkandarasi muyaone.

BiMkubwa_Harlem
Ni kweli mwanangu, ila msije mkasema bora tulipe faini yaishe, 2030 kikomo kinashuka sana. Kwetu Januari theluji nje watu wamefungua madirisha, redieta za mvuke hazina pa kupunguzia, gesi yote inapasha barabara! Tukafungiwa valvu za themostati na mabomba ya chini yakavikwa vizuri, bili ikashuka. Anzeni hapo. NYC Accelerator, mpango wa jiji wa kusaidia majengo, wanashauri bure.

Kaka_Q
Jengo lenu ni HDFC, yaani ushirika wa nyumba za watu wa kipato cha chini? Hao wana njia yao, orodha ya marekebisho 13. Halafu mashine mpya zisiwekwe besimenti, mafuriko ya kimbunga Ida ya Septemba 2021 yalizamisha watu wakafia vyumba vya chini.

Mama_Zubeda
Si HDFC. Mungu awabariki, Jumamosi kuna mkutano, naenda kudai hizo tani.

fundi_joto
Dai ripoti yenyewe, ya 2024 ilitakiwa jijini Mei 2025, na lazima iwe imethibitishwa na injinia au msanifu aliyesajiliwa. Tani zimo humo.