Tupeane uzoefu: mambo yanayokwenda vizuri na hatuyaoni

Fundi Lifti
Wakuu, salamu. Kazi yangu ni kukagua na kutengeneza lifti. Jana jamaa mmoja kanisimamisha kwenye jengo ninalolihudumia, akaniuliza, "Hivi wewe huwa unafanya nini humu? Mbona lifti yenyewe haiharibiki?" Nilibaki kumwangalia tu. Haiharibiki kwa sababu kuna mtu anapima unene wa kamba za chuma, anasafisha reli, anabadilisha pedi za breki kabla hazijaisha, na anausikiliza mlango unavyofunga, maana mlango ndio husumbua mara nyingi kuliko kitu kingine. Ikinasa kati ya ghorofa mbili kwa robo saa tu, jengo zima linanijua kwa jina.

Swali lake halijanitoka kichwani. Nimefika nyumbani nikaanza kuwaza vitu vinavyokwenda bila mimi kuvitupia jicho. Maji yametoka. Mtoto kamaliza kazi ya shule bila kusukumwa. Goti lililokuwa linaniuma mwaka jana, leo nimepanda ngazi siku nzima wala sikulikumbuka. Lilipokuwa linauma kila mtu alikuwa na habari zake. Lilipopona, hakuna aliyesikia.

Nani amewahi kujizoeza kuyatazama yanayokwenda sawa? Ilikusaidia au ilikuchosha? Karibuni.

Nyota Jioni
Nakazia hapo kwenye goti. Mimi lilikuwa jino.

Mchambuzi Huru
Uzi mzuri, mkuu. Hili lina sababu zake. Mwaka 2001 Roy Baumeister na wenzake walipitia tafiti nyingi za saikolojia wakakuta karibu kila mahali baya lina nguvu kuliko zuri. Tusi moja hudumu moyoni kuliko sifa, na hasara huuma kuliko faida ya kiasi kilekile inavyofurahisha. Ukifikiri ina mantiki: mtu wa kale akilipita ua zuri bila kuliona, hakupoteza kitu, lakini akimpita nyoka bila kumwona, imekwisha. Jicho letu limeumbwa kusaka hitilafu. Kuona mazuri ni jambo la kujifunza, kama kazi nyingine yoyote.

Zoezi linalojulikana zaidi ni lile la Martin Seligman na wenzake, 2005. Kila usiku kwa wiki moja unaandika mambo matatu yaliyokwenda vizuri na, hapa ndipo wengi wanaruka, kwa nini yalikwenda vizuri. Waliolifanya, miezi sita baadaye, walikuwa bado wanajisikia na furaha zaidi na dalili chache za sonona.

Kigingi
Hayo ni ya watu walioshiba. Mtu hana kazi, kodi ya nyumba inamsubiri, unamwambia akae aandike mazuri matatu? Tuheshimiane jamani.

Bado Natafuta
Kigingi, huyo mtu asiye na kazi ndiye mimi, na sikukutuma unisemee. Naandika kila usiku. Juzi niliandika hivi: "Yule wa kwenye usaili amenijibu. Amekataa, lakini kaniambia sehemu gani ya barua yangu ilimvutia." Nisingeandika, ningelala na ile hapana peke yake. Kwa sababu niliandika, nikaiona ile sehemu, na sasa nimeipandisha juu kabisa ya barua. Kodi bado ipo, na hakuna mahali nimesema daftari linalipa kodi.

Kigingi
Sijakusema wewe ndugu yangu. Nawasema wanaohubiri.

Bado Natafuta
Nani kahubiri hapa? Soma uzi kuanzia juu.

Mama Wawili
Kigingi ana hoja, ila kaipeleka kwa mtu asiyehusika. Ngoja niseme langu, mtanisamehe ni refu.

Nilijifungua mapacha wiki ya 30. Wote njiti. Kaka mtu alikuwa na gramu 1,300, dada mtu 1,150. Kila aliyewaona alimhofia dada. Aliyeondoka ni kaka, usiku, mapafu yalishindwa. Kulipokucha watu wakaanza kuja, na karibu wote walikuja na sentensi moja: "Shukuru, umebaki na mmoja." Aliyeniumiza kuliko wote ni mtu wangu wa karibu sana, alilisema hilo huku akiangalia saa. Nikamwomba muuguzi asiruhusu mtu yeyote kuingia mpaka niseme mwenyewe.

Sasa pale wodini kila asubuhi njiti wanapimwa uzito, mama anajaziwa kadi. Siku za mwanzo mtoto mchanga hupungua, na mimi hilo sikulijua. Nilipoona namba inashuka nikasema basi, na huyu ananiaga. Muuguzi wa zamu ya usiku ndiye aliyekaa nami kitandani akanieleza taratibu mpaka nikaelewa. Kisha akaniwekea mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, kichwa kimegeuzwa upande ili apumue vizuri, akamfunga kwa kitambaa, akasema huyu hatoki hapo bila sababu. Ndiye aliyenisimulia kwamba njia hiyo ilianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, hospitali ilipozidiwa na njiti na mashine za joto hazitoshi. Nilipenda kusikia kwamba kuna mama wengine walishakaa nilivyokaa.

Asubuhi moja mizani ikasoma gramu 10 zaidi. Nikaomba kalamu, nikageuza kadi nyuma, nikaandika: "Leo amepanda 10." Kesho yake: "Hajashuka." Kuna siku mizani ilininyima, nikaandika: "Amenyonya bila kusahau kupumua." Waliolea njiti wanajua hiyo ni habari kubwa kiasi gani, maana wanaweza kusahau kweli, anageuka rangi mikononi mwako, unamgusa nyayo ndipo anavuta pumzi.

Na juu ya kadi hiyohiyo niliandika jina la kaka yake. Vilikaa pamoja, jina na gramu. Wale wa "umebaki na mmoja" walitaka gramu kumi zimfunike mwanangu. Hazimfuniki. Lakini nilizihitaji sana zile gramu, na ilibidi nizitafute mimi mwenyewe, kwa wakati wangu. Hakuna aliyeweza kuniamuru nizione.

Dada mtu sasa anaruka kamba, na mdomo haufungi.

Nyota Jioni
Nimesoma nikiwa kazini, nimelazimika kutoka nje. Pole sana dada. Na hongera kwa binti.

Fundi Lifti
Pole sana dada yangu. Na huyo muuguzi Mungu ambariki popote alipo.

Bin Safari
Mama Wawili, kama hutajali, kaka mtu mlimwita nani?

Mama Wawili
Jina tunalibakiza nyumbani, kaka. Lakini asante kwa kuuliza. Watu huwa hawaulizi.

Kigingi
Dada, pole. Hicho ndicho nilichokuwa nakitetea, wewe umekisema ulivyokiishi.

Mchambuzi Huru
Pole sana Mama Wawili. Tukirudi kwenye mada, niongezee lile la "walioshiba". Mwaka 2003 Robert Emmons na Michael McCullough walifanya majaribio ya aina hii, na moja lilikuwa kwa wagonjwa wa mishipa ya fahamu na misuli, siku 21. Walioandika mambo wanayoyashukuru walijisikia na matumaini zaidi, na walisema wanalala muda mrefu zaidi na kuamka wakiwa na nguvu. Hao si watu wasio na shida.

Kimbunga
Turudi kwenye mada ipi tena, mkuu? Aliyoandika Mama Wawili ndiyo mada. Takwimu zako nazisoma na ninazipenda, lakini mpe mtu nafasi avute pumzi kwanza.

Mchambuzi Huru
Sawa mkuu, nimekusikia.

Shangazi Mkali
Ushauri wangu: msiandike kila siku. Mimi kila siku iligeuka kuwa kazi ya shule, nikawa naandika "jua limewaka" ili nilale. Siku hizi naandika mara moja kwa wiki, jambo moja tu, lakini naliandika lote: nani alikuwepo, alisema nini, amevaa nini. Hapo linakaa.

Bado Natafuta
Shangazi, kwangu ni kila siku. Nikiacha kidogo tu narudi kulekule kuhesabu waliokataa.

Mchambuzi Huru
Mtaniwia radhi, ila Shangazi ana ushahidi. Sonja Lyubomirsky alilipima hilo: waliohesabu baraka zao mara moja kwa wiki walipata nafuu kuliko waliofanya mara tatu kwa wiki. Lakini Bado Natafuta asiache kinachomsaidia.

Bin Safari
Mimi nasema msiandike kabisa. Daftari halina mikono ya kukukumbatia. Mwambie mhusika, tena kwa kitu mahususi. John Gottman, aliyetafiti ndoa kwa miongo mingi, alikuta wenzi wanaodumu huwa na mema matano kwa kila baya moja, hata katikati ya mabishano. Nikalichukua hilo. Siku moja nikamwambia mke wangu, "Nimeona ukirudi zamu ya usiku unashusha kitasa polepole na kukiachia polepole ili nisishtuke." Alinyamaza kwanza. Akaniuliza, "Kumbe unajua?" Amekuwa akifanya hivyo tangu tuhamie hapa, na tulizungumza usiku ule kuliko tulivyozungumza mwezi mzima.

Nyota Jioni
Kitasa! Leo namtafuta wangu nimwambie la viatu.

Fundi Lifti
Kuna aliyejaribu na watoto? Wangu nimemuuliza "nini kimekwenda vizuri leo", kanijibu "kila kitu", kaenda kucheza.

Shangazi Mkali
Usimhoji. Anza wewe kusema lako, ukimaliza nyamaza. Atakuja mwenyewe.

Kimbunga
Au mhoji tu, wengine hawaji wenyewe hadi wazeeke.

Baba Mlezi
Fundi, mimi nafanya na wangu, ana miaka sita, taa ikishazimwa. Nasema langu, naye anasema lake. Mara nyingi ni mchezo au rangi aliyotumia kuchora. Jana kasema, "Leo hakuna aliyenisukuma kwenye mstari." Nikamwambia hilo ni zuri sana, mwanangu, na siku nyingine huwa nani anakusukuma? Akanitajia, na akaniambia imeanza lini. Kila nilipokuwa nikimuuliza "kuna mtu anakusumbua shuleni?" jibu lilikuwa hapana. Kesho asubuhi naanzia kwa mwalimu wake.