Kutoboa paipu na kukata uzi: tundu linaenda upande, uzi unakufa

Parachichi_Rungwe
Habari za leo wakuu. Natengeneza ngazi ya kuvunia parachichi, miguu ya nyuma ni paipu ya raundi inayoingia ndani ya nyingine ili niirefushe kwenye mteremko, maana shamba langu halina tambarare hata ya kuweka kigoda. Nataka bolti ya spana 13 iingie ubavuni ibane paipu ya ndani. Paipu ya nje ina unene wa milimita 2. Nina drili ya mkono na vaisi tu. Biti inateleza, tundu la upande wa pili limetokea pembeni kabisa, na pale nilipokata uzi wa bolti ndani ya tundu kwa tepu (kile kifaa cha kukatia uzi), kukaza mara ya tatu tu uzi ukafa. Anayepanda hii ngazi ni mama yangu, sitaki kubahatisha.

FundiMwanjelwa
Msalimie mama. Kaka, uzi haukufa kwa kukaza sana, haukuwepo wa kutosha. Bolti ya spana 13 ni M8, yaani unene wa milimita 8, kila mzunguko wa uzi unakula milimita 1.25, kwenye milimita 2 unapata mzunguko mmoja na nusu. Hapo chomelea nati. Toboa milimita 9, tafuta nati nyeusi, hizi za kung'aa zina zinki na moshi wake ukiuvuta unapata homa usiku, kaza bolti kuukuu ndani ya nati uipitishe kwenye tundu ishikilie nati wima, choma pointi tatu, ikipoa ndiyo uichomoe. Cheche haziingii kwenye uzi. Ukitaka tepu lazima, chomelea kwanza kipande cha flati baa ya milimita 6, toboa 6.8, weka oili, zungusha nusu urudishe robo mpaka usikie chenga zimekatika.

Mafinga_Mbao
Kamwene. Hilo la tundu kwenda upande ni la kupima, drili haina kosa. Kata ukanda wa karatasi ya daftari, zungushia paipu, kata pale ncha zinapokutana, kisha ukunje katikati. Ukiurudisha kwenye paipu, ncha ni tundu la kwanza na mkunjo ni la pili, zinatazamana kabisa. Piga senta panchi (chuma chenye ncha cha kuweka alama ya kishimo) kote kuwili, anza na biti ya 3, toboa kila upande kivyake, usivushe moja kwa moja. Paipu ilaze kwenye gogo lenye mfereji wa V ndiyo ubane na vaisi.
Ila ndugu yangu, bolti ya kubana isibebe mtu. Hiyo ni ya kuzuia kucheza tu, uzito wa mama ubebwe na pini inayopita paipu zote mbili.

Parachichi_Rungwe
Ndaga fijo! Nimejaribu karatasi kwenye kipande kilichobaki, bolti imepita kote kuwili kwa vidole tu, sijagonga nyundo. Pini naweza kutumia nondo ya 10?

FundiMwanjelwa
Nondo ina matuta, itacheza. Chukua bolti ya spana 17 yenye shingo ndefu laini, toboa 10 na nusu, na hata ukiirefusha mpaka mwisho, paipu ya ndani ibaki sentimita 30 ndani ya nyingine.