Vidonge vya kumbukumbu: waliowahi kutumia tupeane uzoefu

Kijana wa Kimara
Wakuu, wakubwa shikamooni. Jana mama yangu, mwalimu mstaafu, miaka 67, kapanda mwendokasi kwenda Kariakoo, akashuka Magomeni Mapipa na kukaa kituoni hajui alikuwa anakwenda wapi. Muuza maji ndiye aliyenipigia. Dada yangu keshaletewa na jirani vidonge vya kurudisha kumbukumbu, chupa tatu 210,000. Mama ana kisukari, anameza metformini mwaka wa tisa huu. Vinasaidia kweli, au tunatupa hela?

Mama Zai Mbagala
Mwanangu, uliposema metformini tu nikashtuka. Mimi nilianza na ganzi ya nyayo, kandambili inavuka sijui. Baadaye nikawa nachanganya majina ya wanangu. Nikamaliza chupa nne za vidonge kama hivyo, hakuna kitu. Daktari mmoja kijana ndiye aliyesema tupime vitamini B12, maana dawa hiyo ikitumika miaka mingi huipunguza mwilini. Ilikuwa chini mno. Nikachomwa sindano, kichwa kikatulia. Ganzi imebaki kidogo, nilichelewa.

Juma wa Tabata
Ganzi ya nyayo. Mama mkwe alianza hivyo hivyo.

Binti Buguruni
Naomba niandike, moyo umeniuma. Baba alikuwa anatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, baada ya damu kuganda mguuni. Akaanza kusahau funguo, kusahau swala. Mimi, kwa mkono wangu, nikamnunulia ginko, ile dawa ya majani ya mti inayouzwa kwa kumbukumbu, na vitamini E ya uniti 400, akimeza tatu kwa siku. Nilijua vitamini ni chakula tu, sikuona sababu ya kumwambia daktari. Wiki ya tatu fizi zikaanza kutoka damu, nikadhani ni mswaki mgumu. Usiku mmoja saa nane nikasikia anakohoa. Nawasha taa, shuka lote jekundu, damu ya pua haikatiki. Tulibanana kwenye bajaji, nimempakata kichwa, khanga mbili zimelowa, naye ananiuliza mimi ni nani. Hospitali wakapima INR, kipimo cha damu inavyochelewa kuganda: ilitakiwa iwe kati ya 2 na 3, yake ilipita 7. Wakampa vitamini K ili damu igande. Alipona. Mpaka leo nikiona chupa za namna ile dukani nageuza uso.

Juma wa Tabata
Pole sana dada. Mzee anaendeleaje sasa?

Binti Buguruni
Yupo, alhamdulillahi. Kusahau kumebaki.

Lishe Sinza
Jamani msiwatishe watu. Nauza virutubisho mwaka wa sita, wateja wangu wanarudi kushukuru. Vitu vya asili havina madhara.

Mtu wa Maabara
Kaka, umesoma kisa kilichopo juu yako? Ginko ni ya asili pia. Marekani waliwafuatilia wazee zaidi ya 3,000, wakapewa miligramu 120 mara mbili kwa siku, majibu yakatoka 2008: haikuzuia ugonjwa wa kusahau. Halafu tuambie, hizo chupa za 210,000 zina vitamini B6 kiasi gani? Ikizidi kwa miezi mingi, hiyo yenyewe inaleta ganzi. Na asidi ya foliki, vitamini nyingine ya kundi la B, huweza kurekebisha upungufu wa damu ukaonekana mzima, kumbe B12 ipo chini na neva zinaharibika kimya kimya.

Lishe Sinza
Wewe unatetea biashara ya vipimo.

Mtu wa Maabara
Natetea mama wa mwenzetu aliyepotea kituoni.

Mzee wa Tandika
Acheni kugombana. Mpeni mama maini, mayai, dagaa, maziwa. Mlonge asubuhi. Acheze bao na wenzake, alale mapema. Mimi nina 74, nakumbuka bei ya mkate kila mwaka.

Mke wa Fundi
Babu, shikamoo. Maini sawa kwa mama, ila wajawazito wanaosoma hapa wasile kila siku, vitamini A ikizidi inamdhuru mtoto.

Juma wa Tabata
Mama mkwe alikula maini mwaka mzima, B12 haikupanda. Tumbo lake halikuwa linaifyonza. Sindano tu ndizo zilimfaa.

Mwalimu Temeke
Mimi nameza multivitamini moja kwa siku, najisikia vizuri, siachi. Ila sikuanza kwa sababu ya kusahau.

Kijana wa Kimara
Nimesoma yote, nashukuru sana. Dada kanuna, alishatanguliza 70,000. Nimemuuliza mama kuhusu miguu, kaniambia ganzi anayo tangu mwaka jana, hakutaka kutusumbua. Kesho saa moja asubuhi nampeleka. Mama Zai, kipimo kile mlifunga kula?

Mama Zai Mbagala
Mimi sikufunga, lakini uliza, huenda wakampima na sukari. Waombe waangalie na tezi ya shingo. Na beba dawa zake zote kwenye mfuko, hata hizo za jirani kama keshaonja.

Kijana wa Kimara
Keshaonja. Siku nne.

Binti Buguruni
Beba na chupa yenyewe, siyo vidonge tu. Wasome lebo.