Mjadala: Kaunti yaweza kukataa kumfungia huduma mtu asiye na karatasi?

Jamani naleta hii hapa maana kule maskani kwetu Mombasa haikuisha na ilishaanza kugeuka matusi. Swali lenyewe: wakubwa wa serikali kuu wakisema asiye na karatasi asitibiwe wala mtoto wake asisome, je mji au kaunti inaruhusiwa kusema hapana? Mimi nasema inaruhusiwa, tena inapaswa, na huruma tuiweke kando kwanza tupige hesabu.

Wenzetu wa California, jimbo la Marekani, walishapitia haya. 1994 jimbo lilipiga kura ya kitu kinaitwa Proposition 187, kwamba aliyeingia bila kibali asipate shule ya serikali, asipate matibabu isipokuwa dharura, na mwalimu, nesi au polisi akimshuku mtu apeleke jina lake. Gavana Pete Wilson akaibeba kwenye kampeni na ikapita kwa kama asilimia 59 hivi. Sasa mwajua nani walikimbilia kortini? Wanaharakati ndio walikuwepo lakini hata bodi za shule za Los Angeles na San Francisco zilikwenda, yaani wale wale ambao wangeambiwa wasimame mlangoni kufukuza watoto. Jaji Mariana Pfaelzer akaizuia karibu yote, na 1999 gavana mpya Gray Davis akaachana na rufaa, ikafia hapo. Na polisi wa Los Angeles toka 1979 walikuwa na amri wasimsimamishe mtu kwa ajili tu ya kujua kama ana kibali, kwa sababu ukimtisha aliyeona wizi hatakuja kukwambia mwizi ni nani.

Kwa hiyo mji haukatai kwa ubishi, unakataa kwa sababu madhara yanaangukia kwake. Kifua kikuu kinatibiwa miezi sita na hakiulizi mtu kipande, yaani kitambulisho.

Wa Kisauni: Ndugu yangu maneno matamu lakini wewe ushawahi kupanga foleni hospitali ya kaunti toka alfajiri? Mimi nakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kila mwezi ya SHA, hiyo bima ya afya ya serikali, nikifika naambiwa dawa hakuna nenda kanunue nje, halafu waniambia tuongeze na mtu aliyevuka mpaka jana. Na usituletee California, wao hawana Shabaab hapo jirani. Mji huu ushalia sana yakhe.

Wa Likoni: Kaka hapo kwa "aliyevuka jana" ndipo mnapokosea nyote. Upande wa mamangu ni Wamakonde wa Kwale, mababu waliletwa enzi za mkoloni kufanya kazi mashamba ya mkonge na miwa, wakazaa, wakazikwa hapa hapa, na mpaka 2016 walipotembea kwa miguu kwenda Nairobi ndio wakatambuliwa kabila la 43. Wapemba nao walingoja mpaka 2023, wavuvi wa miaka na miaka walikuwa hawana kipande, hawakuweza hata kusajili laini ya simu kwa jina lao. Ukiweka mtu mlangoni kwa kliniki kuuliza karatasi, wa kwanza kurudishwa ni watu kama hawa, mgeni mwenyewe mwenye pesa ashanunua ya bandia zamani. Na mtoto akizaliwa nyumbani, mama hana kipande, cheti cha kuzaliwa kitatoka wapi? Shuleni wakiambiwa lete cheti ndio basi tena.

Mimi: Dada umesema jambo ambalo mimi nilikuwa nalizunguka. Katiba ya 2010 kifungu cha 53 yasema kila mtoto ana haki ya elimu ya msingi bure, haikuandika kila mtoto wa mwenye kipande, na kifungu cha 43 chasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Mtu, wala si raia. Halafu tazama jinsi kazi zilivyogawanywa, hospitali na zahanati na chekechea ni za kaunti, uhamiaji na uraia ni wa serikali kuu. Sasa kama uhamiaji ni kazi ya Nairobi basi Nairobi ilete maafisa wake mipakani, nesi wa zahanati aachwe apime presha.

Wa Tudor: Hapo ndipo mimi naogopa. Kaunti ikianza kuchagua amri za serikali kuu, leo wahamiaji, kesho gavana mwingine akatae vita dhidi ya unga wa kulevya, keshokutwa nini? Sheria haichaguliwi kama maembe.

Mimi: Bwana wa Tudor hofu yako ina maana na sitaki kuipuuza, ila kuna tofauti ya kumzuia afisa wa uhamiaji asifanye kazi yake na kukataa kumfanyia kazi yake. Hata Marekani 1997 Mahakama ya Juu ilisema serikali kuu haiwezi kuwalazimisha masherifu wa mitaa watekeleze programu yake, na kesi yenyewe ilikuwa ya bunduki wala haikuhusu wahamiaji, waliofurahi wakati ule ni watetezi wa bunduki, upande mwingine kabisa wa siasa. Kwetu kifungu cha 6 chasema serikali hizi mbili ni tofauti na zategemeana, zishauriane. Amri tu za kutoka juu hazimo hapo.

Na ndugu wa Kisauni kuhusu pesa. Nenda Kongowea asubuhi, mama wa mchicha atozwa ushuru wa kaunti na hakuna anayemuuliza karatasi wakati wa kulipa. Halafu sensa ya 2019 ilihesabu kila aliyelala hapa usiku ule, awe na kipande au asiwe nacho, Mombasa tukatoka 1,208,333, na idadi ya watu ni moja ya vitu vinavyoangaliwa kugawa pesa za kaunti. Kwa hiyo mgao wa hao watu tushaupokea, tunabishana kama tuwape dawa.

Wa Kisauni: Haya hiyo ya sensa nimeiskia. Sasa kama pesa yao ilikuja na yangu pia ilikatwa, mbona dawa hakuna? Hebu nijibuni hilo kwanza, halafu ya mpakani tutarudi.