Bei ya nyumba: iandikwe wazi au ibaki inboksi?

Mfungua mjadala: Matangazo mengi ya nyumba za Lubumbashi, Facebook na WhatsApp, yanaishia na "bei inboksi". Mimi nasema bei, miezi ya garanti (amana ya kodi) na mtaa viandikwe wazi. Anayepinga alete sababu.

Komisioneri (dalali) wa Bel-Air: Napinga. Ukitaja bei na avenyu, mteja anapita mwenyewe, anagonga lango, wanamalizana na mwenye lupango (kiwanja na nyumba yake). Komisioni imekwenda, na huna karatasi ya kumshitaki nayo.

Mpangaji wa Kalubwe: Papa, inboksi unajibu kesho yake. Mtu mwenye dola 150 anapanda teksi kwenda kuona nyumba ya dola 400, na pesa ya viziti, ya kupelekwa kuona nyumba, ameshakupa. Anayefaidika hapo ni nani?

Fundi wa matangazo: Mnachanganya mambo mawili. Bei haimpeleki mtu langoni. Namba ya lupango ndiyo inayompeleka. Andika mtaa na umbali toka lami, inatosha. Facebook hukata maandishi baada ya mistari michache, kwa hiyo mwanzo ubebe mzigo wote: "Ya kupanga, Golf, vyumba 3, dola 400, garanti miezi 3." Salamu na "fursa ya pekee" havimsaidii mtu.

Halafu maji: Regideso inatoka saa ngapi, au kuna foraji (kisima cha kuchimbwa)? Umeme wa SNEL: mita ni ya peke yako au mnagawana na wapangaji wengine? Maswali haya ndiyo yanayojaza inboksi, na komisioneri anadhani ni wateja.

Video: simu wima, sekunde 40 hadi 60, ukianzia barabarani. Watu wanataka kujua gari litafika langoni mvua ya Januari ikinyesha. Jikoni fungua bomba lisikike. Usipige picha ukielekea dirishani, chumba kitatoka cheusi. Lenzi pana inayofanya saluni (sebule) ionekane kama ukumbi ni kosa baya zaidi: mgeni anafika, anaona udogo, anaondoka na hasira. Andika vipimo, mita 4 kwa 3,5. WhatsApp hupunguza ubora wa picha. Chagua HD au tuma kama faili. Stetasi inafutika baada ya saa 24, irudishe mpaka nyumba ipate mtu, kisha uifute siku hiyo hiyo.

Ukilipia tangazo, liongoze kwenye ujumbe wa WhatsApp, na eneo liwe Lubumbashi, labda na Likasi na Kolwezi kwa wanaohamishwa kikazi. Ukiacha Kongo nzima, pesa italiwa na macho ya Kinshasa.

Mwanasheria: Kuna sababu nyingine ya inboksi ambayo haijatajwa. Sheria nambari 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 inaweka garanti ya nyumba ya kuishi isizidi miezi 3. Anayedai 6 hawezi kuiandika hadharani bila kujishitaki. Kwa lupango la kuuza, taja aina ya hati tu. Picha ya certificat d'enregistrement (hati ya umiliki) yenye namba usiiweke kamwe. Matapeli wanaichukua na kuuza lupango hilo hilo kwa wengine.

Komisioneri wa Bel-Air: Sawa. Na mimi nani ananilinda?

Mwanasheria: Karatasi ya agizo kati yako na mwenye lupango, kabla ya picha ya kwanza: bei, komisioni, muda wa siku 30, na kipengele kwamba mgeni uliyemleta wewe akipanga hata bila wewe kuwepo, komisioni ni yako. Pamoja na daftari la viziti: jina, simu, tarehe, sahihi, kabla ya kuondoka kwenda kuona.

Mpangaji wa Kalubwe: Karatasi hiyo ingemaliza na lile tatizo la makomisioneri watano, nyumba moja, bei tano. Ukiona dola 300 huku na 380 kule, unakimbia matangazo yote.

Komisioneri wa Bel-Air: Daftari nakubali. Bei ya kupanga nitaandika. Ya lupango la kuuza, hapana: mtu akiona dola 25.000 anaanza kubishana kwa 12.000.

Fundi wa matangazo: Andika "kuanzia 25.000".

Komisioneri wa Bel-Air: Lupango ni moja, ndugu. "Kuanzia" ya nini?