Naomba ushauri: pampu inanguruma lakini maji yanakata

Habari zenu wakuu. Niko Uyole, Mbeya. Nina pampu ya juu inayovuta maji kisimani kwenda kwenye tenki. Tangu kiangazi kikolee, inatoa maji dakika chache kisha inabaki kunguruma tu, maji hayapandi. Nimeijaza maji upya, nimesafisha valvu ya chini ya bomba, nimefunga tepu kwenye maungio. Bado.

Maji yameshuka hadi mita 7 hivi. Kwa mwinuko wa huku, ambako hewa ni nyepesi, nahisi pampu imefika mwisho wa uwezo wake. Mama anayategemea maji haya, kwa hiyo sitaki iungue.

Nitajuaje kama bomba linavuta hewa au ni kina tu? Na kama ni kina, niishushe pampu au ninunue ya kuzamisha?